Mapato ya Mke

Ukitaka kumjua Mkenya, usimtafute Januari akiwa na maazimio yake. Mtafute mwisho wa Juni, amebanana na wenzake kwenye saiba, duka la kukodi kompyuta, kila mmoja akiapa kwamba mwakani atajaza returns zake za kodi mapema. Mwaka hupita, Juni ikarudi, na nyuso ni zile zile.

Saiba ya Becky ilikuwa ghorofani katika jengo kuukuu mjini Nakuru, juu ya duka la mbolea na mbegu, na Jumamosi hiyo foleni ilikuwa imemwagika hadi kwenye ngazi. Wamuyu alikuwa amefika mapema kutoka Subukia, na sweta yake ya kijani na karatasi zake ndani ya bahasha, lakini kila Becky alipomwita aje kwenye kompyuta alimpisha mtu mwingine. Alisema anamngoja bwanake. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwanamke anayemwona bwanake kila jioni, na Becky, aliyesoma naye sekondari na kumjua ndani nje, akajifanya anatafuta karatasi za printa.

Ukweli ni kwamba Wamuyu hakuwa amemtia bwanake, Kamande, machoni tangu mwezi wa pili.

Si kwamba walikuwa wameachana. Wangeachana, angejua pa kuanzia kulia. Kamande alikuwa mzima wa afya huko Olkaria, kwenye visima vya mvuke anakofanya kazi ya ufundi, akituma ujumbe wa "uko poa?" na kujibiwa "niko poa", na mazungumzo yakaishia hapo. Kwanza alisema zamu zimebadilishwa. Kisha mwenzake akaugua na yeye akamshikia nafasi. Kisha kukawa na wageni wa kukagua mitambo. Mwanamke aliyeolewa miaka sita huujua udhuru uliobuniwa kama anavyoyajua maziwa yaliyotiwa maji, na kazi ya Wamuyu ilikuwa ndiyo hiyo hasa, kupima maziwa ya wakulima pale kwenye ushirika wa Subukia.

Aliishi ndani ya boma la mama mkwe wake, katika nyumba ya mabati waliyojengewa walipooana. Jioni wanawake hao wawili walikula pamoja bila maneno mengi, kisha kila mmoja akaenda kujifungia kwake. Zamani Wamuyu alikuwa akimgombeza Kamande kwa sababu ya harufu. Akitoka Olkaria nguo zake zilinuka mayai viza, kwa ule mvuke unaotoka ardhini, na alikuwa akimvua koti mlangoni na kulitundika nje kabla hajamruhusu kuketi. Mwezi wa nne alikuta shati moja limesahaulika nyuma ya sanduku. Akalinusa. Harufu ilikuwa karibu kwisha. Akaketi nalo kitandani, Jumapili ikampita, kanisani hakwenda, na mama mkwe alipouliza kilichomweka ndani alisema ni kichwa.

Ndipo ujumbe ulipokuja wiki hiyo: "Jumamosi niko Nakuru. Tupatane kwa Becky. Hizi returns zimenishinda." Wamuyu aliusoma mpaka akaukariri. Siku iliyofuata akaenda kusuka nywele. Sasa nani husuka nywele kwenda kujaza returns? Lakini mwenye kiu hachagui kikombe, na yeye alikuwa na kiu ya kuonwa.

Tena kulikuwa na sababu nyingine. Wenzao wana Valentine. Wao walikuwa na Juni. Kila mwaka walikuja hapa hapa, wakaketi kwenye kompyuta moja kando ya dirisha, Kamande akaandika mapato yake, na chini yake akaandika ya Wamuyu, vipesa vya mayai aliyokuwa akiuza. Kisha walikwenda kula chipsi na kuku, wakapiga picha, wakatembea mjini wameshikana mikono kama wachumba. Mwaka jana Wamuyu akaajiriwa na ushirika, na mwezi wa pili mwaka huu karani akampa hati yake ya mshahara, akamweleza kwamba mtu aliyeajiriwa ni vizuri ajaze returns zake mwenyewe. Wamuyu akamwambia Kamande kwa simu. Jioni hiyo akamwambia na mama mkwe, wakichagua maharagwe, na kwa kuwa hakuwa na la kuficha, hakuona kwamba mama mkwe aliacha kuchagua.

Kamande alitokea saa ya chai. Alisimama mlangoni akipitisha macho juu ya vichwa vya watu, na yalipomfikia Wamuyu yakatua hapo. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa jipya, la buluu, ambalo Wamuyu hakulijua, na jambo hilo dogo likamchoma: kwamba mumewe aliingia dukani, akajaribu koti mbele ya kioo, na yeye hakuwepo kumwambia kama mabega yamemkaa. Alitaka kumkimbilia. Alitaka pia kumzaba kofi. Akasimama tu, na Kamande akapenya foleni akaja kumpa mkono, wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye mchango wa harusi.

"Umefika kitambo?" Kamande aliuliza.

"Si sana," alidanganya.

"Umesuka."

"Nilisuka tu."

Becky aliwaokoa. Aliwaketisha kando ya dirisha, viti viwili, bila kuuliza, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Wamuyu alianza na zake. Zilikuwa nyepesi: mwajiri mmoja, mshahara mmoja. Becky alimwonyesha pa kubonyeza, na risiti ikatoka kwenye printa kabla hajazoea kiti. Kamande aliitazama karatasi ile yenye jina la mkewe peke yake, akaitazama tena.

Becky akaitwa upande wa pili wa chumba, wakabaki wawili. Goti la Wamuyu lilikuwa limegusana na la Kamande, na hakuna aliyelisogeza. Kamande alijaza jina lake, mwajiri wake, kodi aliyokatwa, upesi upesi, kama mtu anayeijua njia. Kisha akafika mahali skrini inapouliza kama mjazaji angependa kutangaza mapato ya mke. Mkono wake ukasimama.

"Hapa ndio mimi hukwama," alisema.

"Hapo? Si unabonyeza La na unaendelea. Zangu nimeshajaza."

"Kubonyeza najua, Muyu. Nimekuwa nikijaribu na simu huko kwa quarters za kazi. Nikifika hapo nafunga."

"Unafunga kwa nini?"

Kamande hakumtazama. "Nikibonyeza La ni kama nimeandikia serikali sina bibi. Na wewe ushajiandika kivyako. Inakuwa ni hivyo basi. Sisi wawili tumesaini."

Wamuyu alitaka kucheka. Mtu huyu kila siku hufungulia mvuke unaoweza kumchemsha ng'ombe mzima, leo anaogopa kijisanduku cha kompyuta. Kisha akaona kidole chake kimening'inia juu ya kitufe, hakishuki, na kicheko kikaisha.

"Hawaulizi kama una bibi," alimwambia polepole. "Wanauliza kama utamjazia. Ni hiyo tu. Nani alikwambia ni kitu ingine?"

Kamande akageuza uso dirishani. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri nyuma yao akakohoa, akasema kwa upole kwamba kama vijana wana maneno ya nyumbani, wengine wana returns. Ikabidi wainuke. Wakatoka kwenye baraza ya ghorofa, mahali penye vyuma vya kuegemea, harufu ya mbolea ikipanda kutoka dukani na boda boda zikipigiana honi huko chini. Upepo wa Juni ulikuwa mkali. Kamande aliinua mikono kama anayetaka kuvua koti ampe, akasita, akaishusha.

Hapo ndipo alipoyatoa ya moyoni. Mama yake alimpigia simu mwezi wa pili, usiku ule ule wa maharagwe. Wazee wengi wa huko kwao waliijua pin ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, kwa kazi moja tu: bila hiyo huandikiwi shamba. Basi mwanamke aliyeolewa, mwenye pin yake, anayejaza returns zake peke yake, kwa akili ya Mama alikuwa na shamba mahali fulani, na mwenye shamba lake hakawii kuhama. Na mfano haukuwa mbali. Bibi ya Kiarie, jirani yao, alichukua pin kimya kimya, akanunua ploti Lanet, na asubuhi moja pickup ikaja ikabeba vyombo Kiarie akiwa sokoni. Mama alimwonya Kamande asithubutu kuuliza. Mwanamke aliyekwisha amua, alisema, ukimwuliza unamharakisha.

"Na wewe ukaamini," Wamuyu alisema.

"Sikuamini."

"Ulikaa miezi yote hiyo. Hiyo inaitwaje?"

"Niliogopa." Kamande aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu waketi akamtazama usoni, macho mekundu. "Kila siku ya off nilikuwa napanga begi. Halafu nasema, nikienda nitapata nyumba tupu. Sasa nikaona heri nisiende. Nisipoenda, bado uko ndani. Nilikuwa nakuwaza tu hapo kwa jiko, umewasha moto, na ninalala."

Wamuyu alishika chuma kwa mikono yote miwili. Moyo wake uligawanyika katikati. Nusu moja ilimhurumia huyu mwanamume aliyelala peke yake katika chumba cha quarters akimwaza amewasha moto. Nusu nyingine ilikumbuka kwamba moto huo aliuwasha kweli, akapika, akala upande mmoja wa meza, akaosha sahani moja. Alikumbuka vilevile macho ya mama mkwe yalivyomfuata kila alipotoka na mkoba. Alidhani ni uzee. Kumbe mama wa watu alikuwa akimhesabia vyombo.

"Nilikuwa ndani kweli, Kamande," alisema. "Hapo ulikuwa unawaza vizuri. Ni wewe hukuwa."

Kamande akakubali kwa kichwa. Kisha akamsogelea na kusema haraka, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. "Turudishe vile ilikuwa. Becky anaweza kurekebisha. Yako niiweke chini ya yangu, nibonyeze Ndiyo, nimwonyeshe Mama karatasi. Atatulia. Na mimi nirudi nyumbani leo. Leo, Muyu. Niko off mpaka Jumanne."

Leo. Usiku ngapi alikuwa amelililia neno hilo kwenye mto. Wamuyu alimwona Kamande ameketi jikoni na miguu kwenye karai la maji ya moto, akimsimulia mambo ya wenzake wa zamu. Alisikia jinsi kitanda kingelia akigeuka. Angelipa nini? Jina lake litoke kwenye karatasi moja, liingie kwenye karatasi nyingine. Wanawake wamelipa zaidi ya hapo kwa kidogo kuliko hapo, wala hawakuitwa wajinga. Neno "sawa" lilikuwa limekwisha fika mdomoni, akalionja.

"Na mwaka ujao Mama akisikia kitu ingine?" aliuliza.

"Nitakuuliza."

"Hata mwaka huu ulikuwa na mdomo."

Chini yao mtu alikuwa akipakia magunia kwenye mkokoteni, akimwambia mwenzake ashike vizuri.

"Sitaki kuhamisha jina yangu ndio wewe urudi kulala kwako," Wamuyu akaendelea, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Ningekuwa nimekosea, ningerudisha. Nimekosea nini? Nilifanya kazi, nikaambiwa jaza, nikajaza. Nikakwambia wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikwambia nikicheka, unakumbuka? Nilidhani utafurahi."

"Nakumbuka."

"Halafu nikangoja."

Kamande alijipangusa uso kwa kiganja. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeshuka mpaka mwisho wa ngazi, "Kwa hivyo hakuna shamba."

Swali lenyewe hilo, mwishowe. Wamuyu angeweza kusema hakuna, na lingekuwa karibu na kweli. Angemtazama mumewe akipumua. Lakini alikuwa amechoka kuishi na mambo yasiyosemwa, na hakutaka kuongeza lake juu ya lundo hilo.

"Mwezi wa pili hakukuwa," alisema. "Sasa iko."

Akamweleza. Mwezi uliopita Jeruto, mwenzake wa pale ushirika, alikuwa akienda kuangalia ploti Kabazi, akamwomba amsindikize. Jeruto hakuipenda, ilikuwa na mteremko. Wamuyu aliipenda. Alirudi huko mara ya pili peke yake, akasimama katikati ya nyasi mpaka mvua ikamnyeshea. Hakuwa ameilipia wala kusaini chochote. Alisimama tu, akiwaza nyumba ambayo hakuna mtu angekuwa nje yake akimsikiliza kama analia.

"Mama yako alikosea," alisema. "Lakini tukiendelea hivi kidogo tu, atakuwa alisema ukweli. Sijui kama unaelewa. Mimi sikuwa naenda mahali. Ni hiyo nyumba ilinifundisha kuenda."

Kamande aliinamia vyuma. Mabega yake katika koti lile jipya yalikuwa yamemkaa vizuri, na Wamuyu akajichukia kwa kuliona hilo wakati kama huo. Mwanamke akipenda hapumziki. Alitaka kuweka mkono mgongoni mwake. Hakuuweka.

Becky akachungulia mlangoni, akasema mashine imepata nafasi, kisha akaona nyuso zao akarudi ndani.

Waliketi tena kando ya dirisha. Mzee yule alikuwa ameifunga kazi ya Kamande ili ajaze yake, kwa hiyo Kamande akarudia jina lake, mwajiri wake, kodi yake. Safari hii hakuwa na haraka. Swali la mke lilipotokea, Wamuyu aliangalia nje, asije akaonekana anamsukuma. Akasikia mbonyezo. Alipogeuka, skrini ilikuwa imekwisha ruka kwenye swali lingine, na Kamande ameketi mikono mapajani, anapumua kwa mdomo.

"Hakuna kitu imefanyika," alisema kwa mshangao.

"Ingefanyika nini?"

"Sijui. Nilidhani utapotea."

Wamuyu alilazimika kuuma mdomo. Angesema maneno hayo mwezi wa tatu, angepanda gari usiku kwa usiku hadi Olkaria na kulala kwenye quarters sakafuni. Yalikuwa maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa, na yalikuwa yamechelewa, na utamu wake haukupungua kwa kuchelewa. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Walipomaliza walimshukuru Becky, wakatoka mpaka kwenye ngazi. Kamande alisimama hatua moja chini, macho yao yakawa sawa. Aliuliza kama wangeenda nyumbani. Wamuyu akamwambia aende yeye. Mama yake amsikie mwanawe kwa kinywa chake akisema kwamba mkewe hakuwa na shamba, na kwamba yeye alinyamaza alipopaswa kuuliza. Asipewe karatasi, apewe maneno. Yeye mwenyewe, alisema, leo atalala kwa Becky.

"Utalala kwa Becky, halafu?"

"Halafu Jumatatu niko kazini. Baada ya hapo sijui."

Kamande alikunja risiti yake, akaikunja tena, mpaka ikawa kitu kidogo kisichoweza kukunjwa. "Hiyo nyumba ya Kabazi," alisema. "Vile unaiona kwa akili. Ni ya watu wangapi?"

Wamuyu alimtazama. Paji lile la uso, kovu dogo juu ya nyusi, midomo iliyopasuka kwa baridi. Moyo wake ulikuwa na jibu, na ulilipiga kelele: wawili, wawili, mjinga wewe, ni lini nimewahi kuwaza pasipo wewe? Lakini siku ile alikuwa amesimama kwenye nyasi zile akiwa amelowa, na pale alikuwa mmoja, wala hakutaka kumdanganya mtu aliyejifunza kuuliza leo tu.

"Ungeniuliza mwezi wa pili, ningekwambia wawili."

"Na saa hii?"

"Saa hii ni ya mtu mmoja, Kamande." Aliona pigo likimwingia, akaliacha liingie. Kisha akasema, kwa taabu, "Lakini itakuwa na mlango. Ukija, ubishe. Na nikikufungulia, uniulize kila kitu."

Kamande akapanda ile hatua moja. Akaweka kiganja chake shavuni mwa Wamuyu, kidogo tu, kigumu na chenye joto, akageuka, akashuka, akiomba njia kwa watu wa foleni mmoja mmoja. Wamuyu alirudi kwenye vyuma vya baraza akamfuata kwa macho, koti la buluu likivuka barabara kuelekea magari ya Subukia, likisimama kupisha mkokoteni, likiendelea. Becky alikuja akasimama kando yake. Ndipo machozi yaliyokwama tangu mwezi wa pili yakamtoka, hapo hapo mbele ya foleni nzima, na hakuyafuta.